Bledi ya Greda Nyuma ya Massey Kuukuu: Mafunzo Niliyopata Dodoma

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Februari na Machi huangukia katikati ya msimu wa mvua. Hapo ndipo mkulima wa Mpunguzi au Mvumi hugundua kwamba adui yake mkubwa si ukungu wa majani wala ndege, ni njia ya kutoka shambani. Kreti zimejaa, mnunuzi yuko barabara kuu, na katikati pana mita mia kadhaa za matope na makorongo ambayo hata bodaboda anayakataa.

Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, na greda lao likipita huacha kazi ambayo sisi wa trekta tunaitazama kwa wivu. Ila njia ya kuingia shambani kwako haimo kwenye orodha yao, na hakuna sababu iwemo. Hiyo ni juu yako na majirani zako. Sisi tuliishughulikia kwa Massey Ferguson 135 na bledi ya mita moja na sentimita themanini iliyofungwa nyuma yake. Modeli hiyo ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964: injini ya Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi zipatazo 45, uzito wa tani moja na nusu hivi. Ni trekta la kulimia. Kulifanyisha kazi ya greda kunawezekana, lakini kuna mambo ya kuyajua kwanza, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Siri ya greda iko kwenye urefu wake

Watu wengi wanadhani greda linasawazisha barabara kwa sababu lina bledi kubwa. Litazame vizuri siku likipita kwenu. Bledi iko katikati ya mashine, na kati ya ekseli ya mbele na magurudumu ya nyuma pana kama mita sita. Tairi la mbele likipanda tuta, bledi hupanda kidogo tu. Tairi la nyuma likiingia shimoni, bledi hushuka kidogo tu. Kila bonde na kila kilima hupunguzwa kabla ya kufika kwenye chuma.

Trekta letu ni kinyume cha hayo. Ni fupi, na bledi inaning'inia nyuma ya magurudumu yote. Tairi la mbele likipanda tuta la kichuguu, bledi inazama. Likishuka, bledi inanyanyuka. Matokeo yake dereva mgeni huacha mawimbi, na akirudia njia ileile, trekta linapanda mawimbi yale na kuyaongeza. Wamarekani walilijua tatizo hili zamani. Vitrekta vya bustani vya miaka ya 1950 na 1960, kama vile Wheel Horse vya kule Indiana, viliuzwa na bledi ndogo ya kufungwa tumboni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, greda la kweli kwa umbo ingawa kimo chake hakikuzidi meza. Kwetu bledi za namna hiyo ni nadra, tunabaki na ya nyuma.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, kata kidogo: sentimita mbili au tatu kwa mkupuo mmoja, gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea. Ya pili, usipite mstari uleule. Pita mara moja ukifuata barabara, kisha mara nyingine kwa kukatiza kimshazari pale panapokuwa na nafasi, ili magurudumu yasikae kwenye mawimbi yaliyotangulia. Na mkono wako usikimbizane na kila tuta. Dereva anayeshusha na kupandisha levu kila mita tano ndiye anayetengeneza matuta mengi kuliko yote.

2. Kalenda ya kazi hii anaipanga Mungu wa mvua

Udongo wa uwanda huu wa kati umewahi kuishinda dola. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kitovu chake. Vililetwa vifaa vya kila aina, hata vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mvua zilipokatika, mfinyanzi wa Kongwa ulikauka ukawa kama zege, na chembe za mawe meupe zilizomo ndani yake zikayala majembe ya chuma. Januari 1951 mpango ule uliachwa rasmi. Wakulima wa Kigogo waliokuwa wakiishi pale hawakuhitaji tume kuwaeleza kwamba ardhi ile haifunguki Agosti.

Kwa hiyo mtu anayekuja kuniazima bledi mwezi wa Septemba, huku vumbi limejaa mpaka kwenye nyusi, namwambia asubiri. Ukikwangua barabara kavu hapa kwetu utapata mambo mawili: bledi inayoruka na kuacha makovu, na unga wa vumbi ambao upepo utaupeleka Bahi. Udongo uliolegezwa ukiwa mkavu haushikamani. Gari la kwanza linaufukuza pembeni.

Tuna nafasi mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni baada ya mvua za mwanzo za Desemba, ardhi ikishalowa kiasi cha kidole kirefu. Ya pili ni mvua zinapoaga, Aprili kuelekea Mei, na hiyo ndiyo bora kwa sababu barabara inapata miezi ya kukaa na kukandamizwa na magari kabla haijapigwa tena. Kipimo changu ni mkono. Chukua udongo wa chini, uufinye. Ukibaki umbo la ngumi yako bila kulowesha kiganja, washa trekta. Ukimeng'enyeka, subiri mvua. Ukichuruzika, kanywe chai.

Missouri, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1890, mkulima aitwaye David Ward King aliifanya barabara ya udongo ipitike kwa gogo lililopasuliwa vipande viwili, likaburuzwa na farasi kimshazari kila mvua ilipokatika. Hakuwa na bledi wala haidroliki. Alikuwa na saa sahihi ya kufanya kazi, na alirudia. Majimbo mengine yakaiga. Sisi pia, bledi ikiwa imeharibika, tumewahi kufunga matairi mabovu ya lori kwa mnyororo na kuyaburuza juu ya udongo mbichi, na kwa kazi ya kulainisha sikuona tofauti ya kujivunia bledi.

3. Usiutoe udongo barabarani

Nenda kwenye njia yoyote ya zamani ya mifugo kati ya Dodoma na Manyoni utaona imezama chini ya mashamba ya pande zote mbili. Kwato zimelegeza, mvua imebeba, na njia imekuwa mto. Bledi ikitumiwa vibaya hufanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Kila mwaka mtu anakwangua, anasukuma tuta la udongo pembeni, na anaondoka. Tuta lile linazuia maji yasitoke, maji yanakimbia katikati, na mwaka unaofuata anakwangua tena. Baada ya miaka michache anaendesha gari ndani ya mtaro.

Fanya kinyume chake. Geuza bledi pembe, anzia ukingoni, vuta udongo kuja katikati, kisha rudi upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Halafu inyooshe bledi na utawanye lile tuta la katikati polepole. Barabara ya upana wa mita nne inatakiwa iwe na mgongo wa sentimita kama kumi kati ya katikati na ukingo. Wakati wa kazi weka kumi na tano kwa sababu udongo utashuka ukishakanyagwa. Funga kamba kati ya vigingi viwili na pima maji ya fundi mwashi, utajua kama umefika. Macho hudanganya sana kwenye ardhi yenye mteremko.

4. Maji uliyoyatoa barabarani yanakwenda kwa mtu

Hili ndilo ninalolikazia kuliko yote, kwa sababu mengine yakiharibika unarekebisha, hili likiharibika mnapelekana baraza la kijiji.

Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, kiasi kidogo, lakini hazidondoki kidogo kidogo. Zinakuja kwa vishindo vichache, juu ya ardhi iliyo uchi baada ya miezi saba ya kiangazi. Reli ya Kati inayajua maji hayo: sehemu ya Kilosa, Kidete hadi Gulwe imebebwa na mafuriko mara kwa mara, na yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalikatisha safari za treni kwa muda mrefu. Kama maji yanang'oa reli, njia yako ya shambani ni kitu gani?

Barabara yenye mgongo mzuri inamwaga maji pembeni, mitaro inayakusanya, na yakishakusanyika yana nguvu. Inabidi uyatoe kila baada ya mita ishirini hadi hamsini, karibu zaidi pale mteremko unapokuwa mkali, kwa kuchepusha mtaro uingie ardhini kwa pembe ya taratibu. Bledi iliyogeuzwa pembe na kuinamishwa upande mmoja inachimba mchepuko huo kwa mikupuo michache. Swali ni: unaelekea kwa nani?

Tulipoanza kipande cha chini cha njia yetu, mzee mmoja jirani alikuja na fimbo yake akasimama mbele ya trekta. Tulimwamkia, "Mbukwa, baba." Akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, kabla hujakishusha hicho chuma, nitembeze unionyeshe maji yatalala wapi." Tulitembea naye mpaka mpakani mwa shamba lake la uwele. Kwa maneno yake maji ya upande wa juu yalielekezwa kwenye lambo la ng'ombe ambalo kila mwaka lilikuwa halijai, na ya upande wa chini yakatandazwa kwenye majani mahali ambapo hapakuwa na mazao. Sijaona mpango wa mhandisi uliopangwa vizuri zaidi na uliochukua muda mfupi zaidi.

Mkoa huu una historia ya jambo hili. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na Kondoa ndiko ulikojulikana zaidi. Mashine zilitumika kujenga makingamaji kwenye miteremko iliyokuwa imechanika kwa makorongo, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoathirika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mpaka leo wazee wa Kondoa wanabishana kama ilikuwa haki. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini kingamaji lililojengwa na mashine na kuachwa bila mtu wa kulitunza hupasuka mahali pamoja na kutoa korongo baya kuliko lile lililokuwa likizuiwa.

Bledi ndogo inaweza kujenga makingamaji kwenye shamba la zabibu pia. Ukitupa udongo upande wa juu wa mtaro ni fanya juu, ukitupa upande wa chini ni fanya chini. Kwa trekta letu fanya chini ni rahisi, kwa kuwa udongo unashuka wenyewe. Fanya juu kwa bledi ya nyuma ni kupigana na mteremko. Hiyo waachie watu wenye chepe. Na mstari wa kingamaji upimwe kwanza kwa fremu ya A au kwa mpira wa maji. Trekta lina nguvu ya kuchimba mtaro mrefu unaokwenda mahali pasipotakiwa, na litafanya hivyo bila kukuuliza.

5. Jua kila mkono wa trekta unafanya nini

Mfumo wa mikono mitatu nyuma ya Massey ni urithi wa Harry Ferguson, na uzuri wake ni kwamba unarekebishika. Mkono wa juu unapanga jinsi bledi inavyouma. Ukiurefusha, ncha ya chini inaelekea mbele na kuzama. Ukiufupisha, bledi inasimama wima na kukwangua juu juu. Kwa kuchimba mtaro refusha, kwa kumalizia fupisha. Mzunguko mmoja au miwili unatosha.

Mkono wa chini wa kulia una kishikio cha kuzungusha kinachoinamisha bledi upande. Wengi wanakiacha kikashikana kwa kutu. Kipigie grisi, kwa sababu bila hicho huwezi kuchimba mtaro wala kutengeneza mgongo.

Kwenye levu za haidroliki, 135 ina mbili upande wa kulia wa kiti. Moja inasikiliza uzito wa jembe ardhini na kupandisha yenyewe, nayo ni ya kulimia. Kwa bledi tumia ile inayoshika kimo. Fundi aliyezoea kulima tu atakuambia haidroliki imekufa kwa sababu bledi inacheza juu chini, kumbe ni levu tu.

Tena, ukigeuza bledi pembe, udongo unalisukuma trekta upande. Kaza minyororo inayozuia mikono ya chini isiyumbe, la sivyo bledi itagonga tairi.

6. Uzito kwanza, nguvu baadaye

Trekta hili halikosi nguvu, linakosa mshiko. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, kila mzunguko unachimba shimo ulilokuja kuliziba. Jaza maji kwenye matairi ya nyuma: pandisha trekta kwa jeki, valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka usawa wa valvu, yaani robo tatu hivi. Kila tairi linaongezeka zaidi ya kilo mia. Ulaya huchanganya chumvi maalumu ili maji yasigande wakati wa baridi. Sisi tuna bahati, maji ya bomba yanatosha. Mbele nako weka vipande vya chuma, kwa sababu bledi ikiinuliwa pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki.

7. Kichuguu ni kifusi cha bure

Njia zetu nyingi ni za kichanga, na kichanga hakikai hata ukikipanga vizuri namna gani. Moramu inauzwa kwa lori na lori lina bei yake. Lakini vichuguu vilivyokufa vimejaa. Mchwa wamekwisha kuchambua mfinyanzi mzuri na kuuleta juu, ule ule ambao mama zetu wanautumia kusiribia sakafu na kuta za tembe. Uvunje kwa sururu, umwage juu ya kichanga, upite na jembe la sahani mara moja ili uchanganyike, kisha bledi. Changanya wakati kuna unyevu. Usitumie kichuguu mahali penye mfinyanzi tayari, utatengeneza utelezi.

Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine. Ukilowa usiingize trekta hata kidogo. Tafuta njia ya kuzunguka.

8. Chuma cha lori na spana

Ncha ya kukatia huisha. Mchanga wa huku unaila kama ulivyoyala majembe ya Kongwa. Fundi wa kuchomea anaweza kukukatia ncha kutoka kwenye springi kuukuu ya lori, chuma kigumu kuliko bamba la kawaida. Mwambie aitoboe na kuifunga kwa boliti, asiichomee moja kwa moja, ili ikiisha uigeuze au uibadilishe kwa spana ukiwa shambani.

9. Kuhusu roho za watu

Trekta la zamani halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Ukingo wa mtaro uliochimbwa leo ni laini; usipitishe tairi hapo kesho. Baadhi ya 135 zina Multi-Power, gia ya kubadilisha bila klachi, na katika nafasi yake ya chini injini haishiki trekta kwenye mteremko, linateremka huru. Kwenye milima ya Mpwapwa lazima dereva ajue hilo kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

Visiki vya mgunga hujificha chini ya majani. Tembea njia nzima kwa miguu kwanza, na vikubwa ving'olewe. Usirudi nyuma kwa nguvu ukisukuma udongo kwa bledi, kwa kuwa mikono ya chini imetengenezwa kuvuta na kisiki kimoja kinaipinda.

Halafu watoto. Trekta likilia kijijini watoto hukimbia nyuma yake, na wengine hujaribu kukaa juu ya bledi. Weka mtu mzima mmoja wa kutembea nyuma, kazi yake iwe hiyo tu. Ukisimama, hata kwa dakika moja, shusha bledi chini mpaka iguse ardhi kabla hujatoka kwenye kiti.

Mwenye trekta anayefikiria kutafuta bledi nampa neno moja: aende kwa fundi Julai au Agosti. Ikifika Novemba kila mkulima anatengeneza plau yake, foleni ya kuchomea inakuwa ndefu, na mvua ya kwanza ya Desemba itakukuta ukisubiri.